Daftari la Babu: Namna ya Kulivusha Duka la Familia ya Wahamiaji Kutoka Kizazi Hadi Kizazi

Babu yangu mzaa baba alifika Tanga kwa jahazi la kaskazi, kijana asiyeota ndevu, kutoka Hadhramaut, Yemen ya leo. Alikuwa na shuka, kibindo kitupu, na jina la jamaa mmoja aliyeuza kahawa Ngamiani. Jamaa yule alimpa dele na vikombe, akamwambia azunguke. Akazunguka barabara za Ngamiani miaka mingi akigonganisha vikombe, hadi dele likazaa genge na genge likazaa duka. Watu wa pwani wanaijua njia hii. Washihiri wengi, Waarabu wa huko kwao babu, waliotua Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam waliipita hiyo hiyo: kahawa, kuchota maji, kupakua mizigo, halafu duka la kona.

Duka letu sasa liko mikononi mwa kizazi cha tatu. Mimi ndiye mshika hesabu, kaka yangu ndiye mnunuzi, na binti yake, kizazi cha nne, hukaa kaunta siku za Jumamosi. Hapo katikati tulikaribia kulipoteza mara mbili, na mara zote mbili wateja walikuwepo. Lililotuponza ni kwamba mambo ya biashara yalikaa vichwani mwa watu, na watu hufa, huhama, hugombana.

Naandikia familia za namna yetu: Washihiri, Wahindi, Waomani, Wasomali, Wakongo waliofungua maduka Kigoma na Dar, na vilevile Waswahili ambao leo ndio wahamiaji wenyewe huko Muscat, London au Minneapolis. Kila hatua hapa chini inafanya kazi ile ile, kukitoa kilichomo kichwani mwa mzee na kukiweka pahali ambapo mwingine anaweza kukishika, mzee mwenyewe akiwa hai na anaweza kusahihisha.

Hatua ya kwanza: kaeni na mzee, na daftari mezani

Nianze na daftari lenyewe, maana bado tunalo. Ni refu, jembamba, limevishwa kitambaa cha kaniki kilichoshonwa kwa mkono. Ndani kuna Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawia. Wadeni wengi ni manamba, watu walioletwa kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanga na Korogwe. Mshahara wao ulitoka mwisho wa mwezi, na tumbo halingoji mwisho wa mwezi, kwa hiyo babu alikopesha: vibaba viwili vya mchele, nusu chupa ya mafuta ya taa, kipande cha sabuni. Akilipwa, alipiga mstari juu ya jina. Kwenye kurasa za mwanzo karibu kila jina lina mstari. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Ukilifunua daftari kuelekea mwisho unaiona habari hiyo bila kusimuliwa na mtu, kwa jinsi majina yasiyo na mstari yanavyozidi ukurasa hadi ukurasa.

Babu alipofariki, kila kitu kilikuwa humo. Wiki ya tatu ya msiba alikuja bibi mmoja, akakaa mkekani na wanawake, akamnong'oneza shangazi kwamba aliweka bangili yake ya dhahabu kwa marehemu tangu mumewe alipofariki. Wakati ule watu waliweka amana kwa mwenye duka kama leo wanavyoweka benki. Shangazi akamwita baba, baba akafungua daftari, akasoma mstari uliosema bangili moja ya fulani bint fulani imo katika kopo la maziwa, rafu ya juu, nyuma ya mizani. Kopo lilikuwepo, na bangili ilikuwa ndani, imefungwa kwenye kitambaa. Yule bibi aliendelea kununua kwetu hadi alipokufa, na wajukuu zake wananunua kwetu hadi sasa.

Baba hakuandika. Ninaielewa sababu yake na simlaumu. Mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wafanyabiashara walipekuliwa na kukamatwa, na mtu mwenye magunia ya sukari stoo hakujua kama ataamka nyumbani kesho. Baba alikuwa mtu mzima mwenye watoto wadogo. Akachoma vitabu vyake vya hesabu uani, na tangu siku hiyo aliogopa karatasi. Familia nyingi za wahamiaji zina moto kama ule mahali fulani katika historia yao, na wazee waliouona hukuambia kwamba kisichoandikwa hakikamatiki. Ni kweli. Lakini kisichoandikwa watoto nao hawawezi kukishika. Baba alianguka ghafla, akafariki siku ya pili. Baada ya arobaini alikuja muuzaji wa jumla kutaka fedha za tani tatu za mchele, tukamlipa kwa kuamini neno lake. Mwingine, ambaye baba alimpa mzigo kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye, na sisi wenyewe tuliuona ukipakiwa, akakana. Akaunti ya benki ilikuwa kwa jina la marehemu peke yake, ikafungwa hadi mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Miezi saba tuliendesha duka kwa mauzo ya siku, na kuna siku rafu zilikuwa na chumvi na viberiti tu.

Kwa hiyo mkae na mzee. Usianze kwa kumwambia, "Baba, tuandike wasia," maana atasikia kwamba mnamhesabia siku. Sisi kwa ami yangu, mdogo wa baba, tulianza na historia. Baada ya sala ya alasiri, kahawa na tende zikiwa mezani, kaka alimuuliza, "Ami, gunia la kwanza la mchele babu alilipata kwa nani?" Akasimulia saa nzima. Tulimwomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, akakubali. Kikao cha tatu, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Andikeni na hili." Msifanye kwa siku moja, vikao sita au saba vya saa moja vinatosha. Mkimaliza, muwe na haya kwa maandishi: tunaowadai na kiasi; wanaotudai; tunanunua kwa nani, na kwa maneno gani mzigo hutolewa kabla ya fedha; leseni, namba ya mlipa kodi, mita ya umeme, kiwanja na akaunti ni vya jina la nani; na amana za watu, ziko wapi. Kwa familia ya Kiislamu hili lina uzito zaidi ya biashara, kwani mali ya maiti hutoa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Asiyejua madeni ya mzee wake hawezi kugawa mirathi kwa haki, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Hatua ya pili: wekeni sawa karatasi za kila mtu

Mwenyeji anaweza kuishi na karatasi zenye kasoro na asiulizwe maisha yake yote. Familia ya wahamiaji huulizwa, na mara nyingi huulizwa siku mbaya. Kenya, sheria za mwaka 1967 ziliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara, na maelfu ya Wahindi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaondoka. Tanzania, mwaka 1971, serikali ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Letu lilinusurika kwa kuwa lilikuwa la vyumba vinne, mawe na udongo. Uganda, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 za kuondoka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, ilitungwa sheria ya kuwarejeshea mali zao, na familia ya Madhvani ilirudi kwenye kiwanda chake cha sukari cha Kakira mwaka 1985. Aliyetaka kurudishiwa ilibidi aonyeshe kwamba ni chake. Waliokuwa wamebeba hati kwenye sanduku, badala ya vyombo, walikuwa na la kuonyesha.

Sizitaji habari hizi kumtia mtu hofu. Nazitaja kwa sababu kazi yenyewe ni ya jioni mbili tu. Chukueni faili moja, kila mwanafamilia mwenye hisa au jina dukani awe na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au kibali cha ukaazi, cheti cha ndoa, na vyeti vya vifo vya waliotangulia. Majina yafanane. Kwetu babu aliandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu, mara na jina la kabila, mara bila jina la kabila, mara "Salim" mara "Salem", na ilitubidi tule kiapo kwa wakili kuthibitisha kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Kila karatasi ipigeni picha, nakala ikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Angalieni zaidi uraia wa walio nje. Tanzania haikubali mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, Kenya inakubali tangu Katiba ya 2010. Na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, ilivyotungwa, haikummilikisha asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Ndugu yenu aliyechukua uraia wa Oman au Uingereza, muulizeni wakili habari zake kabla hamjaliandika jina lake kwenye hati ya kiwanja cha duka.

Hatua ya tatu: mfuko wa duka na mfuko wa nyumba

Duka la familia hufa polepole kupitia mlango wa nyuma, ule unaoingia jikoni. Mama anatuma mtoto achukue sukari. Shangazi ana wageni, anataka mchele wa biriani. Mjomba anapita jioni, anavuta noti mbili kwenye droo, anasema nitarudisha. Hakuna aliyeiba hapo. Kila mmoja anasema duka letu, na anasema kweli.

Tundikeni daftari dogo ubavuni mwa mlango ule wa nyuma, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila kinachopita kiandikwe kwa bei ya kununulia, na jina la aliyekichukua. Msimkataze mtu kwa mwezi mzima, andikeni tu. Sisi mwezi wa kwanza ulitoka shilingi 640,000. Mama alizitazama hesabu, akanyamaza, halafu akasema, "Mimi nilidhani ni chumvi." Mwezi uliofuata tulikubaliana kila nyumba iwe na posho yake inayolipwa tarehe moja, na kila anayefanya kazi dukani alipwe mshahara, akiwemo mwenye duka. Anayelipwa mshahara ananunua kama mteja. Mwanzoni watu walinuna. Shangazi yangu mmoja hakuja kwetu wiki mbili, na nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi kwa jinsi tulivyomwambia, ingawa utaratibu wenyewe hatukuugeuza.

Hesabu ya mwaka ya mali dukani mnayo tayari, ila huenda hamjaitumia vizuri. Wengi wetu huhesabu zaka mwezi wa Ramadhani: bidhaa zilizomo kwa bei ya siku ile, fedha taslimu, na madeni ambayo wadaiwa wake watalipa, ukitoa tunayodaiwa, kisha asilimia 2.5. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokuonyesha kama mtaji umekua au umepungua tangu Ramadhani iliyopita. Iandikeni, muiweke ubavuni mwa ya mwaka uliopita. Ukiwa na miaka mitano mfululizo, hutabishana na ndugu yako kama duka linakwenda mbele. Utamfungulia ukurasa asome.

Hatua ya nne: fedha za walioondoka

Hii ndiyo iliyotupeleka ukingoni mara ya pili, na nitaizungumza kwa kirefu kwa sababu naiona katika kila familia ninayoijua.

Kizazi cha pili cha wahamiaji kwa kawaida hugawanyika. Mmoja anabaki na duka. Mwingine anapanda ndege, Jeddah, Muscat, Dubai, siku hizi Uingereza na Marekani. Aliyeondoka huleta fedha. Ami yangu mkubwa alileta kutoka Jeddah karibu miaka kumi na miwili, kwanza kwa mikono ya mahujaji waliorudi, baadaye kwa benki. Fedha zile zilinunua friji ya kwanza, zikaezeka bati jipya, zikajaza stoo mwaka ambao baba alikuwa amekwama. Hakuna aliyeuliza fedha hizi ni nini, maana kuuliza kungeonekana kama kutoaminiana.

Baba alipofariki, ami alirudi likizo, akaketi sebuleni, akasema nusu ya duka ni yake. Alikuwa anasema ukweli wake. Kaka yangu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa miaka tisa akasema fedha zile zilikuwa za kumsaidia bibi na matibabu yake, na hilo nalo lilikuwa kweli, kwa sababu nyingine zilikwenda hospitali. Wote wawili walikuwa wakweli, na hakuna karatasi. Hawakusemezana miaka miwili. Sikukuu mbili za Idi zilipita watoto wa nyumba moja wakiketi pande mbili za ukumbi.

Fedha ya ndugu inaweza kuwa kitu kimoja kati ya vitatu. Zawadi haidaiwi. Mkopo hurudishwa kiasi kile kile, kwa muda uliotajwa. Hisa hupata sehemu ya faida na hubeba sehemu ya hasara. Siku fedha inapotumwa, anayepokea aandike neno moja kati ya hayo matatu, na mtumaji ajibu kwamba amekubali. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Ami, nimepokea riyali 3,000 leo. Umesema ni mkopo, tutarudisha kuanzia Shaabani. Ni sawa?" Naye akijibu "sawa, baba," piga picha ya ujumbe, uchapishe, uweke kwenye faili. Fedha ikiwa ya vitu viwili, igawe hapo hapo: elfu moja ya dawa za bibi, elfu mbili mtaji.

Na aliyebaki naye ahesabiwe. Huyu husahauliwa zaidi. Anayeamka alfajiri kwa miaka tisa bila mshahara ametia mtaji dukani, ila wake hauna risiti ya benki. Tulipopatanishwa, mzee aliyetusuluhisha, imamu wa msikiti wetu, alitutaka tukadirie mshahara ambao duka lingemlipa mtu wa nje kwa kazi ya kaka, mwaka kwa mwaka, na hiyo ikawekwa mizani pamoja na fedha za Jeddah. Ami akabaki na theluthi. Alilia pale pale, nadhani kwa uchovu wa ile miaka miwili kuliko kwa hasara. Kama mshahara wa kaka ungelipwa na kuandikwa tangu mwanzo, kama nilivyosema katika hatua ya tatu, tusingefika huko.

Kama ugomvi umekwisha kuingia, tafuteni msuluhishi ambaye pande zote zinamheshimu na ambaye hanunui kwenu kwa mkopo.

Hatua ya tano: duka lipate mwili wake kisheria

Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, halilitengi duka na mwenyewe. Mwenyewe akifa, duka linaingia kwenye mirathi yake pamoja na kitanda chake. Ubia nao, kwa sheria ya Tanzania, huvunjika mbia mmoja anapokufa, ila kama wabia walikubaliana vingine. Kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria, wenye hisa hufa nayo ikabaki.

Kampuni ina gharama, na sitaki kuzificha: mahesabu ya mwaka yaliyokaguliwa, taarifa ya kila mwaka BRELA, mtu wa kodi. Duka dogo la mtaa lisikimbilie huko. Mkataba wa ubia ulioandikwa na wakili, wenye kifungu kinachosema mbia akifa nini kitafanyika, unatosha kwa muda mrefu. Likishakuwa na stoo, gari na ndugu zaidi ya watatu wenye haki, kampuni ni nafuu kuliko ugomvi.

Jambo kubwa ni kwamba hisa ndizo zinazogawanywa, na mchele unabaki stoo. Chukulia mzee Mwislamu amefariki, wazazi wake walikwisha tangulia, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Alichokuwa nacho, baada ya madeni na wasia, kigaweni mafungu 40: mke 5, kila mtoto wa kiume 14, wa kike 7. Bila kampuni, mafungu hayo yanatafutwa kwenye rafu, na nimeona duka Ngamiani ambalo friji ilikwenda kwa mmoja na mizani kwa mwingine. Kwenye kampuni kila mmoja anapokea hisa zake, na duka linafunguliwa asubuhi kama kawaida. Katika katiba ya kampuni wekeni sharti kwamba anayetaka kuuza hisa aanze kuwauzia ndugu, na mwandike tangu sasa bei itapatikana vipi. Sisi tunatumia hesabu ya Ramadhani. Familia za dini na madhehebu mengine zina kanuni zao za mirathi, lakini sharti hili linawafaa wote.

Niseme la mabinti, kwa kuwa ni langu. Mara nyingi fungu la binti "linashikiliwa" na kaka zake, na kushikiliwa huko hakuishi. Anaogopa kuliulizia asije akaonekana mroho au akavunja udugu. Liandikeni jina lake kwenye daftari la hisa, na gawio lake lipelekwe kwake kwa simu siku ile ile ambayo kaka zake wanapata yao. Asipotaka kulichukua, aliseme mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya kulipokea. Na wasia hauwezi kutumika kumwongezea mtoto mmoja kwa siri: hauzidi theluthi moja, na hauandikwi kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia.

Hatua ya sita: mkabidhini mrithi funguo moja moja

Allidina Visram, mfanyabiashara wa zamani, alitoka Kutch, India, akiwa mtoto, akafanya kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, kisha akafungua maduka yaliyoifuata reli kutoka Mombasa hadi Uganda, hata wakati wake haikuwa rahisi kusafiri bara bila kukutana na duka lake. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe alimfuata mwaka 1923, na biashara ile kubwa ikasambaratika muda si mrefu. Mombasa jina lake limebaki kwenye shule. Huwa namfikiria ninapoona mzee wa miaka sabini bado anaweka saini kila hundi peke yake.

Mrithi si lazima awe kifungua mimba. Awe yule ambaye wauzaji wa jumla wanampa mzigo bila kumpigia mzee simu. Mpeni kwanza afanye kazi kwa watu wengine mwaka mmoja au miwili, akaonje kukemewa na mtu asiye mjomba wake. Akirudi, mwaka wa kwanza ashike ukusanyaji wa madeni, maana huko ndiko atakakowajua watu. Wa pili ashike manunuzi, na mzee akubali kwamba atakosea. Kaka alinunua maharage yenye wadudu magunia kumi na mawili, ami mdogo akayatazama tu. Wa tatu awe saini ya pili benki. Mzee abaki na kiti chake, chai yake, na haki ya kuulizwa. Akitolewa dukani moja kwa moja, watu wake nao wataondoka.

Hatua ya saba: waliolijenga duka pamoja nanyi, na si damu yenu

Alikuwepo dukani mzee mmoja Mbondei aliyeanza na babu akiwa kijana wa kubeba magunia. Alifanya kazi miaka 31. Alijua kila mdaiwa, alijua gunia lipi lina unyevu kwa kulipiga kofi, na wakati wa ile miezi saba ndiye aliyekwenda kwa wauzaji wa jumla kutudhamini kwa jina lake mwenyewe. Hakuwa na mkataba. Hakuwa na akiba NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Alipozeeka tulimpa mkono wa kwaheri na gunia la mchele, na sote tuliona tumefanya wema. Sasa ninalionea haya jambo hilo, na sijui njia ya kulifuta. Tunachofanya ni kumlipia mjukuu wake ada ya shule, na kila mfanyakazi tuliye naye ana mkataba na michango yake inapelekwa kila mwezi, asilimia 20 ya mshahara, nusu yake ikiwa yetu.

Familia ya wahamiaji huzoea kuweka funguo kwa jamaa tu. Ilikuwa kinga wakati tulipokuwa wageni. Lakini mtu aliyekaa nchi moja vizazi vinne na hana mwenyeji hata mmoja anayeshika ufunguo wa stoo yake, majirani wanaliona hilo, hata wasiposema. Meneja wetu wa stoo leo ni Mdigo wa Mkinga, na ana sehemu ya faida iliyoandikwa kwenye mkataba wake.

Hatua ya nane: kikao cha Idi tatu

Chagueni siku moja ya mwaka ambayo familia hukutana hata hivyo. Yetu ni Idi tatu, baada ya Ramadhani, kwani hesabu ya zaka bado ni mbichi na walio nje wanapiga simu kwa video. Tunaanza saa nne asubuhi, na saa saba chakula kinapakuliwa, tukiwa tumemaliza au hatujamaliza. Nasoma hesabu. Kila mwenye hisa anauliza. Tunaamua jambo moja au mawili, tusizidishe. Mwaka juzi tuliamua kuacha kuuza mafuta ya taa na kuweka lipa namba kaunta. Mwaka jana tulibishana kuhusu tawi la Muheza, tukaliacha kwanza. Yaliyoamuliwa yanaandikwa, na waliopo wanatia saini.

Idi iliyopita binti wa kaka aliomba asome yeye ukurasa wa daftari la babu kabla hatujafungua kikao. Anajifunza kusoma herufi zile madrasa. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari kutoka kulia: vibaba viwili vya mchele, nusu chupa ya mafuta, na jina la mdaiwa. Alilikosea lile jina. Ami mdogo, ambaye sasa haoni vizuri, alimsahihisha kutoka kitini, akataja na kambi ya mkonge aliyotoka yule mtu, na mimi nikaviandika vyote viwili pembeni kwa penseli.